Kiti cha Ukweni

Ukitaka kujua heshima ya mtu hukaa wapi, mpasue nyonga mara mbili. Phelister alidhani yake ilikaa moyoni, au kanisani kwenye benchi la mbele la kina mama. Kumbe ilikaa chooni. Tena si choo chake mwenyewe, choo cha mkwewe, mtaa wa Umoja, Nairobi, orofa ya pili, hatua chache tu kutoka sebuleni.

Nyonga ya kwanza ya bandia aliwekewa zamani, alipoteleza kwenye mafuta pale Soko la Burma alikokuwa akiuza supu ya miguu ya mbuzi. Ilimtumikia vizuri mpaka ikachakaa, ikaanza kucheza ndani ya mfupa, ikabidi arudi kwenye meza ya upasuaji ile kuukuu itolewe na mpya itiwe. Mambo yalikwenda salama. Lakini Anisa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitalini, hakumruhusu aondoke kabla ya kumsomea sheria. Goti lisipande juu ya nyonga. Mguu usivuke mguu mwenzake. Vidole visigeuke kutazama ndani. Alale chali na mto katikati ya miguu. Akiangusha kitu, akiache hapo kilipoangukia, hata kikiwa ni noti ya elfu. Na kuchuchumaa asahau kabisa.

"Nyonga iliyofunguliwa mara mbili haina subira," Anisa alimwambia. "Nyama zinazoishika zimekatwa, zikapona, zikakatwa tena. Ikitoka mahali pake sasa, Mama, itajifunza kutoka."

Githinji, mume wa binti yake, alikuwa amesimama mlangoni mwa wadi akisikiliza. Yeye ni seremala, akaelewa upesi kuliko wote. Alisema hiyo ni kama skrubu iliyong'olewa ikarudishwa kwenye tundu lile lile: itashika, bora tu isitingishwe. Alimwambia hivyo Triza, mkewe, naye Triza akamwambia mama yake, ingawa mama yake alikuwa hapo hapo kitandani na masikio yake hayakuwa na kasoro yoyote.

Hivyo ndivyo Phelister na Githinji walivyozungumza tangu siku ya mahari. Kwao Phelister, upande wa Bungoma, mama mkwe na mkwe wa kiume hawashikani mikono, hawaketi kochi moja, hawatazamani usoni. Mama mkwe halali kwa mkwewe. Githinji ni mtu wa Nyeri, na kwao kamba hiyo haikazwi sana, lakini alioa kwa watu akafuata ya watu, na hakuwahi kulalamika. Triza asipokuwepo na chumvi ikaisha, Phelister aliyekuja kutembea aliliambia dirisha kwamba mtu akipita dukani angekumbuka chumvi, na baada ya muda chumvi ililetwa ikawekwa mezani kimya kimya. Waliheshimiana hivyo, na nyumba ikakaa vizuri.

Sasa nyumba ya Phelister mwenyewe iko Makongeni, na choo cha Makongeni ni cha foleni na cha shimo. Triza aliapa kwamba mama yake harudi huko mpaka mguu ukomae. Phelister akakataa kwenda Umoja. Akasema afadhali alale kwa jirani, afadhali abaki hospitalini na wagonjwa wengine, kuliko kulala chini ya paa la mkwewe kama mtu asiyekuwa na kwao. Triza akalia. Machozi ya mwana wa pekee ni rungu, na Phelister akachukuliwa Umoja.

Choo cha Umoja nacho ni cha kuchuchumaa, kama vyoo vingi vya fleti za huko. Ila hapo ndipo Githinji alipoonyesha ufundi wake. Alikuwa ametengeneza kiti cha mbao ngumu, kirefu, chenye mikono miwili ya kushikilia, kimetobolewa katikati na kulainishwa kwa msasa mpaka mbao ikang'aa. Kilisimama juu ya choo kama kiti cha askofu. Ukikikalia, goti linabaki chini ya nyonga, sawasawa na maneno ya Anisa.

Ni kiti kizuri. Phelister alikichukia tangu siku ya kwanza.

Alikichukia kwanza kwa sababu ya uzi. Hospitalini Triza alimpima mguu kwa uzi, kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, naye akadhani ni mambo ya soksi. Baadaye ndipo alipojua kwamba uzi ule ulipelekwa karakana ya Gikomba ukatundikwa msumarini, pamoja na vipimo vya makochi ya watu. Mguu wake ulikuwa unaning'inia kwa mkwewe, na mafundi wote wanaupita. Halafu lile tundu. Ni nani aliyekadiria upana wa lile tundu, na alikadiria kwa kumtazama nani? Swali hilo lilimchoma, na hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Halafu kiti hakikukaa mahali pamoja. Mtu mwingine wa nyumbani akitaka choo, ilibidi akitoe nje, kisimame kwenye kijia cha kuelekea vyumbani, kisha akirudishe. Mara nyingi mtu huyo alikuwa Githinji. Phelister alimwona akikibeba kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anayebeba sahani ya wageni, na kila mara alitamani ardhi ya orofa ya pili ifunguke impeleke ya kwanza.

Baya kuliko yote lilikuwa televisheni. Githinji alijua kuta za fleti ni nyembamba. Kwa hiyo kila alipojiinua mama mkwe na magongo yake kuelekea upande ule, yeye alichukua rimoti akapandisha sauti. Alifanya hivyo kwa nia njema kabisa, macho yake yakiwa kwenye kioo, hata kama kilichokuwapo ni tangazo la sabuni. Lakini msomaji wa habari alipaza sauti mpaka vikombe vikatetema kabatini, na Phelister akiwa ndani akajiona kama mtu anayepigiwa tarumbeta. Majirani wa chini nao, aliamini, walikuwa wameshajifunza: sauti ikipanda, mama yake Triza yuko chooni.

Akaona dawa ni kupunguza safari za chooni. Asubuhi alikunywa maji ya kumezea vidonge tu. Chai aliigusa kwa midomo tu akairudisha. Midomo ikapasuka, kichwa kikawa kizito, na Triza alipouliza, alimjibu kwamba mgonjwa hana kiu. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na Phelister mwenyewe alikuwa amewaambia hivyo wasichana wengi pale Burma. Ila methali ni rahisi kumpa mwenzako.

Basi ikaja siku ya wageni. Kina mama wa kanisa walipiga simu kwamba wanakuja kumwona mgonjwa, wakiongozwa na Mama Luseno. Huyu Mama Luseno ni mtu wa kwao Phelister, wa kijiji cha pili kutoka chao, na desturi anazijua zote, hasa zile ambazo wengine wamezivunja. Asubuhi ile, kabla Triza hajaenda kazini kwake kiwandani, Phelister alimwomba aondoe hicho kitu kijiani.

Triza alimwambia kwamba hicho kitu ndicho kinachoshikilia mguu wake. Wakabishana kidogo, wakati nao unakwenda, na mwisho binti akakibeba akakitia chumbani mwa mama yake, akakifunika leso. Alisema wageni wakiondoka tu, Baba Nyawira, kama alivyozoea kumwita Githinji, akija, amwambie akirudishe chooni. Kilikuwa kizito mno kwa mtu wa magongo. Phelister akaitikia sawa.

Wageni wakaja. Waliomba, waliimba, wakanywa chai, na kwa kuwa mwenye nyumba hawezi kukaa mikono mitupu wageni wakinywa, Phelister naye alikunywa, kikombe kimoja na kingine juu yake. Mama Luseno aliizungusha macho nyumba nzima. Alisifu mapazia. Kisha akasimulia habari ya mama mmoja wa Kayole ambaye siku hizi analala kwa mkwewe, anaoga kwa mkwewe, na haja zake anamalizia kwa mkwewe, kama mke wa pili. Wanawake wakaguna. Mama Luseno akasema dunia imekwisha, lakini yeye anajua mgonjwa wetu hapa ni wa kupita tu, na bila shaka ana utaratibu wake.

Phelister alicheka pamoja nao. Alicheka kwa sauti, akamcheka yule mama wa Kayole ambaye hakumjua, na ndani yake alijisikia mchafu.

Walipokuwa wanashuka ngazi, walipishana na Githinji anapanda. Stima ilikuwa imepotea Gikomba, mashine hazizunguki, naye akaamua kurudi nyumbani mapema. Aliisalimu fremu ya mlango, kama kawaida yake, na kutoka upande wa dirisha akaitikiwa. Akaketi kwenye kochi la mbali, akawasha televisheni kwa sauti ya chini.

Na ile chai ikaanza kudai.

Phelister aliibana. Alihesabu maua ya kitambaa cha meza, aliimba wimbo wa tenzi moyoni, aliwaza vita vya Waisraeli na Wafilisti. Kiti kilikuwa chumbani chini ya leso. Kukipata kulikuwa jambo la maneno matatu tu. Alifungua kinywa akaligeukia dirisha, kwa ile njia yake ya siku zote, kwamba labda mtu angeweza... Akaishia hapo. Chumvi unaweza kuliambia dirisha. Lakini kumwambia mwanamume aliyemwoa mwanao akuletee choo, dirisha gani litapitisha maneno hayo? Githinji aligeuza kichwa kidogo, akasubiri. Phelister akasema kumbe jua limekuwa kali leo.

Akajiinua na magongo. Sauti ya televisheni ikapanda.

Chooni alitia komeo, akalitazama lile tundu tupu la sakafuni. Akafanya biashara na Mungu, hii mara moja tu. Mguu mbaya aliunyoosha mbele, mkono mmoja akashika bomba la maji, akajishusha polepole kwa mguu mzima, na ajabu ni kwamba alifika. Alipomaliza, alijisikia mwepesi na mjanja. Sheria ya Anisa imevunjwa na hakuna kilichopasuka.

Kushuka kulikuwa kushuka. Kuinuka ndiko kulikomponza. Bomba lilikuwa limelowa maji, mkono ukateleza, mwili ukaenda mbele juu ya paja, goti likapanda na mguu ukageuka ndani. Akausikia mlio.

Mlio ule aliujua. Kila asubuhi pale Burma, mbuzi walipoletwa kutoka machinjioni Kiamaiko, aliushika mguu akaukunja, akauzungusha kwa ndani, na mpira wa nyonga ukaruka wenyewe kutoka kwenye kikombe chake, hata kisu hakina kazi. Alifanya hivyo nusu ya maisha yake. Hakuna daktari aliyehitajika kumwambia alichokifanya.

Maumivu yalikuja baadaye kidogo, yakaja yote. Alikuwa ameanguka kwa ubavu, gauni limepanda, mguu umekuwa mfupi na umegeuka kana kwamba si wake. Msomaji wa habari alikuwa akieleza bei ya unga. Phelister aliuma mkono wa gauni lake asipige kelele. Alifikiri, na alifikiri kwa dhati kabisa, kwamba pengine angeweza kulala hapo mpaka Triza atoke kazini. Kisha mwili ukamshinda na akaita. Akamwita Triza, aliyekuwa kiwandani mbali na pale, kwa sababu ndilo jina pekee ambalo kinywa chake kilizoea kuita ndani ya nyumba ile.

Televisheni ikazimwa. Hatua zikaja mpaka mlangoni zikasimama.

"Mama, ni mimi," Githinji akasema. "Usijaribu kuinuka. Kaa tu vile uko."

Alimsihi asiingie. Alimwambia amtafute mwanamke, mwanamke yeyote, hata wa dukani. Githinji akajibu kwamba mlango umekomewa kwa ndani na lazima aufungue yeye. Akamsikia anakwenda chumbani, anarudi. Leso ikapitishwa kwenye uwazi wa juu ya mlango, ikaanguka begani mwake.

"Jifunike. Ukiwa tayari, uniambie. Mimi nitafanya kazi nikiangalia dari."

Phelister aliitambua ile leso. Ndiyo iliyofunika kiti. Lakini hapo hakuwa na akili ya kulifikiria jambo hilo.

Akajifunika alivyoweza. Githinji akazifungua bawaba kwa bisibisi, skrubu moja baada ya nyingine, akaung'oa mlango mzima, na kweli macho yake yalikuwa darini. Ulikuwa mlango mwepesi wa mbao. Akamwita Patrobas, mtunza fleti, na mke wa Patrobas, wakausukuma mlango chini ya mgonjwa taratibu, wakaweka mto katikati ya miguu, wakamfunga kwa mashuka asitikisike. Phelister akashushwa ngazi akiwa amelala juu ya mlango wa choo, macho ameyafumba, na kila orofa milango ikafunguka. Alisikia mtu anauliza amefia wapi. Alisikia mwingine anajibu, chooni.

Hospitalini walimlaza usingizi, wakauvuta mguu, wakaurudisha mahali pake. Alipozinduka, alikuta Triza ameushika mkono wake, na Githinji amesimama mguuni mwa kitanda, ana vumbi la ukuta mabegani. Daktari wa mifupa alikuwa ameshika picha. Akamuuliza mgonjwa alikuwa anafanya nini nyonga ilipotoka.

Hapo ndipo Phelister alipokuwa na nafasi yake. Maneno yalikuwa mafupi na kweli ilikuwa nyepesi. Lakini Triza alikuwa anamtazama, na mkwe yuko pale, na kwenye kitanda cha pili mama mmoja alikuwa ameacha kutafuna ili asikie.

"Nilikuwa nimekaa tu," akasema. "Kwenye kile kiti. Nikasikia imelia."

Hakumtazama Githinji. Lakini alimwona akiinua kichwa mara moja, kisha akakiinamisha.

Daktari akakunja uso. Alisema kama nyonga imetoka mtu akiwa amekaa wima kwenye kiti cha juu, bila kuinama wala kugeuka, basi hilo ni jambo zito. Maana yake kikombe walichopandikiza hakikukaa sawa, na itabidi wafungue tena. Hakuficha kwamba mfupa uliobaki ni mwembamba. Kufungua mara ya tatu kunaweza kuishia mguu usio na kiungo kabisa, na mgonjwa wa kiti cha magurudumu. Triza akaanza kulia bila sauti.

Githinji akaomba kuuliza. "Na kama kiti ndicho kifupi?"

Daktari akasema hapo kosa litakuwa la kiti. Kiti kifupi hupandisha goti, goti hutoa nyonga. Watamfunga mkanda wa kiunoni hadi pajani, wamrudishe nyumbani na kiti kingine. Akaagiza kiti kiletwe kesho, Anisa akipime na mgonjwa akiona.

Siku nzima iliyofuata Phelister alilala na uongo wake. Kiti kitakuja, kitapimwa, kitaonekana kirefu, naye atapasuliwa kwa sababu ya vikombe viwili vya chai. Kusema angesema, alijiambia. Atasema jioni, akiwa na Triza peke yake. Kisha akawaza Triza atakavyomwambia mumewe, na mumewe atakavyojua kwamba mama mkwe alichuchumaa kwenye choo chake kama mwizi, akadanganya juu yake. Akageuza uso ukutani.

Jioni Githinji akaingia wadini na kiti begani. Watu wa wadi wakageuza vichwa, kwa maana kila mtu aliona ni kiti cha nini. Akakiweka chini kando ya kitanda. Anisa akaleta utepe, akapima kutoka sakafuni, akapima tena.

"Lakini hiki ni kifupi sana," akasema. "Fundi, nilikwambia mwenyewe goti libaki chini. Ulipimaje?"

"Nilikosea," Githinji akasema.

Triza akamgeukia. Ni mwanamke mpole, lakini alikuwa hajalala. "Baba Nyawira, nilikupa uzi. Nilimpima mwenyewe nikakupa. Unawezaje kukosea na uzi uko mkononi? Ungemuua mama yangu kwa kubania mbao." Mama wa kitanda cha pili akasikitika kwa kichwa, akamwambia jirani yake kwamba mafundi wa siku hizi ndivyo walivyo. Anisa akashauri kwamba safari hii wanunue cha dukani.

Githinji alisimama mikono nyuma, kama mtoto wa shule.

Phelister alikuwa anatazama miguu ya kiti. Kiti kizima kilipakwa vanishi ya rangi ya kahawa, mpaka chini kabisa, anakumbuka, kwa sababu alikichukia kwa makini. Sasa ncha za miguu yote minne zilikuwa nyeupe. Mbao ilikuwa mbichi, imekatwa juzijuzi tu, na chembe ya unga wa msumeno bado ilishika pembeni.

Ikamwingia polepole, kisha ikamwingia yote. Leso ile aliitoa chumbani. Alikiona kiti chini yake. Alijua tangu mlangoni kwamba mama mkwe hakukikalia, na daktari aliposema habari ya kufungua tena, alirudi Gikomba akachukua kazi ya mikono yake mwenyewe akaikata miguu, ili yeye aitwe fundi mbovu, na mama mkwe abaki na heshima yake na nyonga yake.

Aibu ya kule chooni, na ya ngazi, na ya mlango, aliiona ndogo kama punje. Hii ya sasa haikuwa na kipimo. Alitamani mtu amfunike uso kwa leso ile ile. Na alijua kabisa kwamba akinyamaza, mambo yamekwisha. Atarudi nyumbani na mkanda, na hakuna atakayemuuliza kitu tena maishani.

"Hicho kiti kilikuwa kirefu," akasema.

Wote wakamgeukia. Anisa akasema amekipima mara mbili.

"Kimekatwa jana. Angalia chini. Kilikuwa kirefu, na mimi sikukikalia. Nilichuchumaa."

"Lakini Mama, ulisema..." Triza akaanza.

"Nilidanganya. Kilikuwa chumbani. Niliona aibu kumwambia aniletee, nikachuchumaa, na nilijua itatoka. Mimi niliuza miguu ya mbuzi, mimi najua." Akakielekezea kiti kidole. "Halafu nikamsingizia."

Yule mama wa kitanda cha pili akatazama shuka lake. Anisa akainama akagusa ncha nyeupe ya mguu wa kiti kwa kidole, kisha akaenda kumtafuta daktari, na kwa haraka yake alisahau utepe sakafuni.

Githinji alikuwa anavitazama viatu vyake. Akamwambia Triza, kwa sauti ya chini, amwambie Mama kwamba haina shida.

"Usimtume," Phelister akasema. "Niambie mwenyewe."

Githinji akainua kichwa. Alimtazama usoni, na Phelister naye akamtazama, na ilikuwa vigumu kama kutazama jua. Akaona mkwewe ana mvi pembeni mwa masikio. Hakuwahi kujua.

"Mbao naweza kuunga, Mama," Githinji akasema. "Mfupa wako siwezi."

Phelister akalia, kilio kibaya cha makamasi, mbele ya wadi nzima, na hakujificha.

Hakufunguliwa tena. Daktari alirudia picha, akasema kikombe kimekaa sawa, akamfunga mkanda mgumu na kumkaripia kama mtoto. Anisa alimrudishia sheria zake zote kuanzia ya kwanza, na akaongeza nyingine, ya kunywa maji. Akarudi Umoja. Kiti kilimtangulia, kimeungwa vipande vipya miguuni, na vipande havikufanana rangi na vya juu, kwa hiyo yeyote aliyekiona aliuliza.

Mama Luseno aliuliza. Alikuja na kina mama wale wale, na safari hii kiti kilikuwa kijiani mchana kweupe, na Githinji yuko nyumbani, kwenye kochi lake la mbali. Mama Luseno akakizunguka mara mbili. Akataka kujua hicho ni kitu gani.

Shingo ya Phelister ilishika moto, maana aibu haihami nyumba kwa siku moja. Alijibu kwamba ni choo chake. Akasema alitengenezewa na mkwewe, na akamaliza chai yake yote, na kikombe cha pili. Kisha akajiinua na magongo, akamwomba mke wa Patrobas, aliyekuja kusaidia chai, akirudishe kiti mahali pake. Nyuma yake akasikia rimoti inaguswa. Sauti ikapanda, vikombe vikaanza kutetema kabatini, na kina mama wakainamiana masikioni.

Akafunga mlango wenye skrubu mpya. Akaketi, goti chini ya nyonga, vidole vinatazama mbele. Akavuta pumzi.

"Githinji," akaita kutoka ndani, kwa jina lake, ili nyumba yote isikie. "Punguza hiyo televisheni. Wageni hawasikilizani."

Githinji akachukua rimoti, akapunguza.